Lisemwalo Lipo?

Ligi ifungwapo, miguu hupumzika na ndimi huanza kazi. Karema, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, ni mbali sana na Dar es Salaam, yaliko makao ya Simba na Yanga. Hata hivyo, majira ya usajili yafikapo, wavuvi waanikao dagaa hutaja nani ahama na nani abaki. Mtu akiwauliza wamejuaje, hujibiwa kwa methali: lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Methali hii yastahili kupimwa. Clatous Chama, Mzambia aliyejiunga na Simba mwaka 2018, alivumishwa mara nyingi kuwa yu njiani kwenda Yanga. Julai 2024 alikwenda kweli. Je, waliolisema jambo hilo miaka ya nyuma walisema kweli? Nasema hapana. Mpiga ramli naye hupatia siku moja, lakini kupatia si kujua. Neno hupimwa kwa tukio; msemaji hupimwa kwa alilolijua aliposema.

Kubashiri si dhambi. Ni haki na raha ya mshabiki. Dhambi ni kuivika dhana joho la habari. Mchezaji asemwaye kuwa amekwisha kujiuza huzomewa na watu wake, hali miguu yake ingali yawatumikia. Asiyejua na aseme, "Nadhani." Neno hilo dogo halipunguzi utamu wa mazungumzo, nalo hulinda heshima ya watu wawili: asemaye na asemwaye.