Mmekwenda Saadani, Mmeona Nini?

Sikieni, enyi mnaotoka Dar es Salaam alfajiri, mkaipita Bagamoyo kwenda Saadani kutazama wanyama! Mnarudi jioni simu zimejaa picha. Niambieni: mmeona nini?

Twiga alisimama kando ya njia, mkampigia honi ageuze shingo. Viboko walijilaza ndani ya Mto Wami, mkapiga mbinja ili wainue vichwa. Mamba alitulia ukingoni, mkamrushia chupa mjue kama yu hai. Tumbili mkamtupia biskuti. Kesho akimpokonya mtoto chakula, mtamwita mwizi. Heroe walikuwa wakila kwenye mashamba ya chumvi, mkawatimua waruke nyuma ya sura zenu.

Ole wenu mnaosema, "Wenye hatia ni majangili." Kumbukeni mji mlioupita. Katika karne ya 19 misafara ilishuka Bagamoyo kutoka bara, wapagazi wameelemewa na pembe mabegani. Aliyezipokea hakumwona ndovu, aliona frasila. Nanyi leo hamumwoni, mnaona picha. Mizani imebadilika, jicho ni lile lile.

Saadani ndiyo hifadhi ya taifa pekee ya Tanzania Bara inayopakana na Bahari ya Hindi. Ilipewa hadhi hiyo mwaka 2005, na ufuoni Madete kasa hupanda usiku kutaga mayai. Ukimmulika tochi, huenda akageuka, akarudi majini na mayai yake. Vifaranga wake nao hutafuta bahari kwa kufuata mwangaza. Taa zenu huwapoteza nchi kavu. Kiumbe ametoka mbali baharini kuja kuzaa, ninyi mwamwendea kama ngoma ya harusi!

Na watoto wenu je? Mliwaleta waone mamba. Wamewaona ninyi mkitupa chupa. Hilo ndilo somo walilorudi nalo nyumbani, na watalifundisha wana wao.

Acheni! Rudini Saadani kama wageni waliobisha hodi kwenye nyumba ya watu. Zimeni injini. Shusheni sauti. Simu ikae mfukoni. Takataka zenu rudini nazo. Kisha ketini na watoto wenu, msikilize furukombe akilia juu ya Wami, mngoje mpaka kiboko ainue kichwa kwa wakati wake mwenyewe. Hapo ndipo mtakapokuwa mmemwona.