Kusogeza Magoti

Wakati wa komunyo mama yangu husogeza magoti. Hasimami. Anabaki ameketi kwenye benchi, anageuza miguu upande ili watu wa safu yetu wapite, kisha wakishapita anairudisha mbele. Nimemwona akifanya hivyo tangu nikiwa mdogo, na kuna kipindi nilidhani ndiyo kazi yake kanisani, kama wengine walivyo na kazi ya kukusanya sadaka au kupiga kinanda.

Jumapili za kawaida jambo hili halionekani sana. Krismasi linaonekana. Desemba ndipo Wachaga wa Dar, Arusha, Mwanza na Nairobi wanaporudi mlimani, na benchi la watu sita linakaliwa na tisa, na watoto juu ya mapaja. Kwenye misa ya mkesha karibu kila mtu anakwenda kupokea, hata wale ambao mwaka mzima hawakuuona mlango wa kanisa. Benchi linabaki tupu na mama amekaa katikati yake peke yake, amevaa kitenge kipya, mikono kwenye mapaja. Kisha watu wanarudi, naye anasogeza magoti tena.

Sababu si siri, ingawa nyumbani haisemwi. Baba alifunga ndoa kanisani kabla ya kumjua mama. Ndoa ile haikufika mbali. Mkewe aliondoka, akaanza maisha kwingine, na yu hai mpaka leo, Mungu amjalie afya. Kwa Kanisa Katoliki, ndoa halali ya wabatizwa wawili ikishakamilika huvunjwa na kifo tu. Kwa hiyo baba na mama, pamoja na mahari iliyopokelewa, mbege iliyonywewa na miaka 31 ya kulala chini ya bati moja, machoni pa sheria ya Kanisa hawajaoana. Sisi watoto tulibatizwa wote. Nguo yangu nyeupe ya komunyo ya kwanza mama aliishona kwa mkono wake, akanifunga mkanda, akanishika bega mpaka nilipoingia kwenye mstari. Kisha akarudi kukaa.

Ukitaka kujua imani ni nini, usiniulize mimi, kamwangalie yeye. Jumamosi alfajiri yuko jumuiya. (Maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele jumuiya ndogo ndogo miaka ya 1970, na sidhani walijua kwamba kwenye migomba ya Kilimanjaro zingekuwa pia benki, baraza la usuluhishi na kikosi cha kubeba majeneza.) Mama ndiye anayeanzisha rozari. Mgonjwa akilazwa, chupa ya uji ya kwanza ni yake. Pango la Krismasi parokiani halijengwi bila yeye: anakwenda mtoni kutafuta kuvu la kijani la kutandika chini, anachuna magome makavu ya mgomba ya kuezekea kibanda, na ndiye anayeamua ng'ombe wa udongo akae upande gani. Akishamaliza, anampisha anayeruhusiwa kumpokea Yule ambaye pango lake amelijenga.

Mimi naruhusiwa. Na mimi siamini.

Sikupoteza imani kwa vita. Ilikuwa chuoni, mwaka wa pili, na ilikuwa kama simu inayoisha chaji ukiwa unaongea: unaendelea kusema kwa muda kabla ya kugundua kwamba upande wa pili hakuna mtu. Sikumchukia padre yeyote wala sikusoma kitabu kilichoniangusha. Siku moja tu niligundua nilikuwa naongea peke yangu. Lakini kila Desemba nilipanda basi, nikafika nyumbani, na usiku wa tarehe 24 nikapanga mstari, nikafungua mikono, nikasema "Amina". Mara ya kwanza nilitaka kukaa. Mama akanigusa kiunoni: "Nenda, mwanangu. Ukienda wewe, na mimi nimefika." Nikaenda. Nikaenda mwaka uliofuata, na uliofuata, miaka sita.

Rafiki zangu wa mjini hawaoni tatizo. Kama hakuna kitu pale, wanasema, umekula kipande cha mkate mwembamba usio na chumvi na umemfurahisha mama yako. Mwenye hasara ni nani? Hoja hiyo inashinda mjadala. Haikunisaidia benchini. Kwa sababu kama ile ni mkate mwembamba tu, basi kila Krismasi nachukua kitu ambacho mama yangu anakitamani kuliko vyote duniani na kukitafuna kama biskuti, mbele ya macho yake. Na kama si mkate tu, hali yangu ni mbaya zaidi. Katika pande zote mbili sikuona mahali ambapo "Amina" yangu ilikuwa kitu cha heshima.

Miguel de Unamuno, Mhispania, alichapisha mwaka 1931 hadithi ya padre wa kijijini asiyeamini uzima wa milele, lakini anaendelea kuhubiri na kuzika ili watu wake wasiishi kwa huzuni yake. Niliisoma nikajiona nimepata mtetezi. Baada ya muda nikaona tofauti. Yule padre alificha ili wengine waweze kuamini. Mama yangu hahitaji mimi ili aamini. Anaamini akiwa amefungiwa mlango. Mimi nilichokuwa nalinda ni kitu kingine, labda ule mguso wa kiunoni na uso wake niliporudi.

Kuna sala inayoitwa komunyo ya tamaa. Ni kwa ajili ya asiyeweza kupokea: mgonjwa, aliye mbali na kanisa, na watu kama mama. Anaomba moyoni kile ambacho mkono haukuruhusiwa kukipokea. Jina hilo limenishangaza siku zote. Neno tamaa kwenye Kiswahili halina sifa nzuri. Tumefundishwa kwamba tamaa mbele, mauti nyuma, na mwenye tamaa ni mtu wa kutazamwa kwa jicho la pembeni. Isipokuwa pale tunaposema mtu amekata tamaa, ndipo tunagundua kwamba ile tamaa ndiyo iliyokuwa imemshikilia. Mama hajaikata. Simone Weil, mwanafalsafa wa Kifaransa aliyefariki Uingereza mwaka 1943, aliipenda Ekaristi kwa namna hiyo, akimwandikia padre rafiki yake kuhusu sababu za kutobatizwa, akibaki kizingitini. Lakini Weil alijichagulia kizingiti. Tofauti hiyo mama ndiye aliyenifundisha, na nitaifikia.

Kwa muda mrefu niliye na hasira naye alikuwa baba. Njia ilikuwepo. Mahakama ya Kanisa inaweza kuchunguza ndoa ya kwanza na kutamka kwamba tangu siku ya kiapo kulikuwa na kasoro, hivyo haikuwa ndoa halali. Mwaka 2015 Papa Fransisko alilegeza utaratibu huo; hukumu moja ikatosha pale zilipokuwa zinahitajika mbili. Baba alikuwa anazijua habari hizi. Hakufanya kitu. (Njia nyingine ambayo Kanisa linaitaja, ya kuishi pamoja kama kaka na dada, waliwahi kuelezwa. Mama alinisimulia akicheka: siku wanaelezwa, mimi nilikuwa na miaka minne na mdogo wangu alikuwa tumboni.)

Mwaka jana, jioni ya tarehe 24, nilimkuta baba nyuma ya nyumba ananoa visu. Kesho yake kulikuwa na mbuzi wa kuchinja na ukoo mzima wa kulisha. Nilimsalimia, nikakaa kwenye kigogo, nikamuuliza jambo ambalo sikuwahi kumuuliza.

"Baba, kwa nini hukuipeleka ile kesi?"

Hakuuliza kesi gani. Aliendelea kunoa.

"Walinipa karatasi," akasema. "Zina maswali. Ulilazimishwa? Sikulazimishwa. Akili zako zilikuwa timamu? Zilikuwa timamu. Mwenzako je? Timamu kuliko mimi. Mlikusudia kukaa pamoja mpaka kufa? Tulikusudia. Sasa mwanangu, hapo niandike nini?"

"Kuna watu wanaandika."

"Wenye la kuandika waandike. Kuna ndoa nyingi kweli hazikuwa ndoa. Yangu ilikuwepo. Tuliapa, tukashindwa. Kushindwa si sawa na kutokuapa."

"Na mama?"

Hapo aliweka kisu chini. "Mama yako nilimwambia kabla hajahamisha hata sufuria moja kuja hapa. Alijua anakuja wapi." Akanyamaza, kisha akasema kwa sauti ya chini zaidi: "Nakaa naye benchi moja kila Jumapili. Unadhani sioni?"

Ni kweli, na ajabu ni kwamba sikuwahi kuliweka hilo kwenye hesabu. Baba naye hapokei. Yeye hukaa mwisho wa benchi, karibu na ukuta, mahali ambapo hakuna mtu wa kupishwa.

Sitaki kumfanya mtakatifu. Kuna ukaidi ndani ya ukweli wake, na gharama ya ukaidi huo analipa mama kuliko yeye. Niliona pia kwamba paroko wetu wa sasa si mtu mgumu. Baada ya barua ya Papa ya mwaka 2016 kuhusu familia, iliyowataka wachungaji watembee na watu wa namna hii mmoja mmoja, alimwita mama wakazungumza. Mama alirudi akasema amezungumza vizuri na padre, na kwamba yeye atangoja. Anangoja nini sijui. Labda anangoja mlango ufunguliwe wote, si nusu.

Basi nilikaa pale kwenye kigogo nikiwatazama watu hawa wawili kwa akili yangu. Mmoja hakutaka kuandika neno la uongo hata kwa ajili ya mke anayempenda. Mwingine hakutaka kuchukua kitu ambacho hakuwa na hakika kwamba amepewa. Katika nyumba hiyo mwongo alikuwa mimi, na uongo wangu niliuita upendo.

Usiku ule kanisa lilijaa mpaka nje, na vijana waliokosa nafasi walisimama madirishani. Kwaya ilikuwa imefanya mazoezi tangu Oktoba na ilisikika hivyo. Wakati wa komunyo ulipofika, safu yetu ikasimama. Mama akasogeza magoti. Nami nikasogeza yangu.

Watu walipita mbele yetu wote wawili, shangazi zangu, binamu, mtoto wa jirani. Nilihisi mama akinitazama. Hakunigusa kiunoni. Sikumgeukia. Lazima nikiri kwamba kwa dakika ile nilijisikia vizuri sana, hata nikajiona shujaa: sasa tuko wawili, niliwaza, sasa hayuko peke yake.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, tochi za simu zikimulika njia ya migombani. Mama hakusema neno mpaka tulipofika kwenye mfereji, wengine wakiwa wametangulia.

"Umefanya nini wewe mtoto?"

Nikamwambia. Kwamba siamini, kwamba ni miaka mingi, kwamba sikutaka tena kumdanganya. Nikaongeza, na hapo ndipo nilipokosea, kwamba nilitaka kukaa naye.

"Usikae na mimi," akasema. Sikumbuki kama amewahi kuniambia neno kwa ukali ule. "Mimi nimezuiwa. Wewe umejizuia. Si kitu kimoja hicho. Mwenye njaa na aliyesusa chakula wakikaa meza moja, usiseme wanakula pamoja." Akaruka mfereji, akaenda.

Sikulala. Alisema kweli, na mimi pia nilikuwa nimesema kweli, na kweli hizo mbili zililala chumba kimoja bila kusalimiana. Nilichomkosea si kutokuamini. Hilo nadhani alilijua kabla yangu, akina mama hujua. Nilimkosea kwa kulifanya lile benchi kuwa langu.

Kwetu, mwenye kosa akitaka kuomba msamaha huchukua jani la sale. Masale hupandwa mipakani mwa kihamba, na jani hilo likiletwa, anayeletewa hatarajiwi kukataa hata kama kosa ni kubwa. Ilikuwa hapa kabla ya Mapadre wa Roho Mtakatifu kufika Kilema mwaka 1890, na bado ipo. Alfajiri ya Krismasi nilikwenda mpakani nikakata moja, nikalileta jikoni. Mama alikuwa anachochea moto wa mtori.

Akalitazama jani, akanitazama.

"Hili huletwa na mkosaji," akasema. "Umekosa nini? Kusema kweli?"

Nikamwambia sijui hasa.

Alilichukua. Akalifuta umande kwa kanga, akatafuta mahali pa kuliweka, mwishowe akalichomeka kwenye kile kipango kidogo cha sebuleni, nyuma ya ng'ombe, ambako lilikuwa refu kuliko kila kitu na lilifunika nusu ya nyota. Kisha akarudi jikoni, akanisukumia beseni.

"Menya ndizi. Watu wanakuja saa nne."