Kiu ya Mji na Haki ya Ndege

Je, mwenye kiu ana haki ya kunywa kisima mpaka kikauke? Swali hili ni jepesi kulitamka, bali jibu lake ni zito. Na tulipime kwa mfano wa Azraq, mahali penye maji katikati ya jangwa la Yordani.

Tangu zamani ndege wasafirio baina ya Ulaya na Afrika walitua hapo kunywa na kupumzika, kwa maana mbele yao na nyuma yao ni ukame mtupu. Korongo weupe wapitao anga ya nchi ile hufika hata nyanda zetu. Mwaka 1978 hifadhi ilianzishwa pale. Lakini katika miaka ya 1980 maji mengi yalivutwa kwa mabomba hadi mji wa Amman, na wakulima nao wakachimba visima. Mwaka 1992 chemchemi zilikauka.

Nani alaumiwe? Mama mwenye mtungi mtupu hawezi kuambiwa angoje mpaka ndege washibe. Haja ya mji ilikuwa ya haki. Walakini haja ya haki haifuti deni. Wako wasemao kuwa ndege hana haki kwa sababu hawezi kudai. Kama ni hivyo, mtoto mchanga naye hana haki, maana hajui kusema. Unyonge wa mdai haupunguzi deni, bali huzidisha wajibu wa mdaiwa.

Tangu mwaka 1994 maji kiasi yamerudishwa, kwa shabaha ya kuponya sehemu moja tu katika kumi ya eneo la zamani. Hata hicho kidogo chataka kazi isiyokwisha: maji yaletwe, na nyati wa kufugwa wale matete yasije yakaziba madimbwi. Kazi iliyofanywa bure na chemchemi sasa hufanywa kwa jasho la binadamu.

Mtalii naye ana kiu, kiu ya macho. Akitaka kumwona ndege kwa karibu mno, humfukuza. Kwa hiyo hutengenezewa njia ya mbao, na kibanda cha kuchungulia bila kuonekana.

Basi, mwenye kiu na anywe, lakini asijihesabu kuwa ndiye mnywaji wa mwisho.