Si Alijitakia?

Kila jeneza la msichana wetu likifika JKIA kutoka Ghuba, lazima mtu aandike mtandaoni: "Pole, lakini si alijitakia?" Mimi ni mtafiti wa ustawi wa jamii, haki za wahamiaji na usawa wa kijinsia ndiyo kazi yangu. Swali hilo nimelisikia hata kwa watu wema, kwa hivyo acha tulijibu.

Ni kweli, alikubali. Alitafuta paspoti, akapimwa hospitalini, akatia sahihi. Kusema ati alidanganywa tu ni kumdharau. Wengi ninaoongea nao walijua hatari, wakapiga hesabu: karo, kodi, dawa za mzazi.

Lakini alikubali nini hasa? Alikubali kazi. Chini ya kafala, kibali chako cha kuishi kule kimefungwa kwa mwajiri mmoja. Ukimtoroka anayekupiga, wewe ndiye unayeitwa mkosaji. Mwaka 2021 Saudia ililegeza masharti ili wafanyakazi wa kampuni waweze kubadilisha mwajiri. Wa nyumbani wakaachwa nje. Kupika, kufua na kulea huonekana kama tabia ya mwanamke, na tabia haihitaji kulindwa na sheria.

Ndiyo maana naona ridhaa haiishi siku ya kutia sahihi. Mtu anayeweza kuingia lakini hawezi kutoka, ridhaa yake iliisha mlango ulipofungwa. Yanayofuata hakuyataka.

Sasa turudi kwetu, maana hapa ndipo panauma. Wengi wetu Nairobi tumelelewa na msichana tuliyemwita mboch, aliyekula jikoni baada ya sisi kushiba. Kufuatia nyongeza ya 2024, mshahara wa chini wa mfanyakazi wa nyumbani Nairobi ni zaidi ya shilingi 16,000 kwa mwezi. Uliza mabeshte zako ni wangapi wanalipa hivyo. Watakwambia, "Akichoka si aende?"

Sisemi South B ni sawa na Riyadh. Hapa mwajiri hashikilii kibali cha mtu kuishi nchini. Lakini hoja ni ile ile: akikubali pesa kidogo, basi ni haki. Na huyo anayeambiwa aende, ataenda wapi? Wengine huenda kwa ajenti. Watoto wake wanabaki na nyanya yao, asiyelipwa na yeyote, yeye akalee wa wenyewe ng'ambo. Pesa akituma, nchi nzima inamsifu, akipigwa, alijitakia.

Haki ya kukubali haina maana bila uwezo wa kukataa, na uwezo huo hujengwa kabla mtu hajafika uwanja wa ndege. Tuidai serikali iwabane maajenti, sawa. Lakini mwisho wa mwezi unakuja, na yaya yuko hapo jikoni. Mkataba ulioandikwa, siku ya kupumzika, mshahara wa kisheria: hayo hayangoji Riyadh ibadilike.