Chembe ya Haradali Katika Mizani

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimfikie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya haya.

Mwenyezi Mungu Mtukufu amepiga mifano katika Kitabu chake kwa mbingu na milima, na akapiga kwa vitu ambavyo watu huvidharau: mbu, na buibui, na chembe ya haradali. Haradali imetajwa mara mbili. Katika Sura ya Anbiyaa, aya ya 47, imekuja khabari ya mizani za haki zitakazowekwa Siku ya Kiyama, kwamba hapana nafsi itakayodhulumiwa, na amali ijapokuwa na uzito wa chembe ya haradali italetwa. Na katika Sura ya Luqman, aya ya 16, yule mwenye hikima amuusia mwanawe kwamba jambo lenye uzito huo, lijapokuwa limefichwa ndani ya jabali, ao mbinguni, ao ardhini, Mwenyezi Mungu atalileta.

Basi haradali ni nini? Ni mmea wa jamaa moja na kabichi na figili, wenye maua ya manjano na maganda membamba, na ndani ya maganda zimo chembe za mviringo. Aina zijulikanazo sana ni tatu: nyeusi, na ya kahawia, na nyeupe, ambayo kwa kweli rangi yake yaelekea manjano. Hiyo ya kahawia ndiyo iuzwayo aghalabu madukani kwa jina la Kihindi, rai, nayo hutiwa katika achari. Upana wa chembe ni milimita 1 mpaka 2, na gramu moja ya haradali ya kahawia ina kiasi cha chembe 400. Na ihifadhiwe hesabu hii, kwani itarejewa.

Huko Bara Hindi, khasa Rajasthan, haradali hulimwa majira ya baridi. Hupandwa kuanzia mwezi wa Oktoba, wala mbegu haizikwi kwa kina. Nayo huvunwa Februari ao Machi. Majani machanga huliwa mboga, na chembe hukamuliwa mafuta, ambayo watu wa Bengal hupikia samaki. Mkulima mjuzi hangoji maganda yakauke kabisa, kwa kuwa hupasuka yenyewe na mavuno yakamwagika. Bali hukata alfajiri, umande ungali juu ya mmea. Tazama jinsi mkulima aichungavyo chembe ambayo ikianguka mchangani haionekani!

Na katika ajabu zake ni kwamba ukali wake umefichwa. Chembe nzima ikinuswa haina harufu kali. Ikisagwa na kutiwa maji baridi, baada ya dakika chache hutoka ukali upandao puani na kuleta machozi. Vivyo hivyo maradhi ya moyo hayaonekani hatta moyo uguswe. Mtume, rehema na amani zimshukie, amefundisha katika hadithi ya Ibn Mas'ud aliyoitoa Imamu Muslim kwamba kiburi cha uzito wa chembe ya haradali humzuilia mtu Pepo, na imani ya uzito huo huo humuokoa asikae Motoni milele. Na kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu.

Ama katika sheria, kwa madhehebu ya Imamu Shafii, haradali haina zaka ya mazao, kwa kuwa si chakula cha tegemeo. Walakini mwenye kuifanyia biashara, ikitimia nisabu na mwaka, hutoa zaka ya biashara, nayo ni 2.5 katika 100 ya thamani. Na imo katika vyakula viingiavyo riba: haradali kwa haradali haiuzwi illa sawa kwa sawa, mkono kwa mkono.

Na hapa ndipo penye msiba wa watu wa sokoni. Muuza duka huamka alfajiri akasali jamaa, kisha akafungua mlango. Na jiwe lake la mizani limeliwa na kutu, naye ajua, wala halibadili. Ao mizani yake ni ya umeme, imetengezwa iseme uongo. Husema moyoni: hizi ni gramu 5 tu katika kilo, nani atakayeziona? Na tuhesabu. Katika kilo 100 amekula gramu 500, nazo ni chembe 200,000 za haradali. Chembe moja haipotei kwa Mwenyezi Mungu. Basi laki mbili zitapotea wapi? Na kila mnunuzi ni khasimu wake: mjane aliyenunua robo kilo, na mtoto aliyetumwa na mamake, naye hajui kusoma mizani. Watu wa Madyan walionywa na Nabii Shuaib juu ya jambo hili hili, wakacheka, wakaangamia.

Wala toba yake haitimii kwa kulia usiku. Dhambi iliyo baina ya mja na Mola wake toba yake ni kuiacha, na kujuta, na kuazimu kutorejea. Ama haki ya watu yazidi sharti la nne, nalo ni kuirudisha kwa mwenyewe, ao kwa warithi wake, ao kutaka radhi yake. Wasipojulikana baada ya kutafutwa, mali hiyo hupewa masikini kwa niaba ya wenyewe. Na asemaye, "Nikirudisha nitafilisika," na akumbuke kuwa Mtume alikwisha kumueleza aliyefilisika kweli kweli: ni mtu ajaye Kiyama na sala na saumu na zaka, kisha wale aliowadhulumu wakagawiwa mema yake, hatta yakamalizika.

Walakini mizani ina sahani mbili. Mtume alimuamrisha mpimaji apime na auelemeze mzani upande wa mwenye kupokea. Mwenye kuongeza gramu moja kwa ajili ya Mwenyezi Mungu ameweka chembe 400 mahali pasipo kutu wala mwizi. Basi ewe ndugu Muislamu, kesho kabla hujafungua duka lako, litie jiwe lako katika mizani ya mtu muaminifu, ulipime; kwani kulipima leo ni wepesi kuliko kupimiwa kesho.

Mwenyezi Mungu atie uzito mizani zetu kwa mema, na atusamehe sisi na wazee wetu na Waislamu wote. Amin.