Nachituti na kitunga cha udongo

Samaki ya Kasenga tunaijua wote hapa Lubumbashi. Inauzishwa ku soko ya Kenya, tunaipika, tunakula. Lakini wachache wanajua ya kama ule muto unaotuletea samaki ulitolewa zamani zawadi na mwanamuke. Jina lake Nachituti. Wazee wa ngambo zote mbili za Luapula wanasimulia habari yake, na mimi naileta hapa kwa ajili ya ulizo moja linalonisumbua: mutu anaweza kutoa kitu alichoachiwa na wakubwa wake?

Nachituti alikuwa wa Bashila, wavuvi wa bonde la Luapula na ziwa Moero. Masimulizi yanasema wakubwa wao walitoka upande wa Babemba, wakafungua makao pale, wakakamata inchi. Kufika wakati wa Nachituti, katika karne ya 18, walikuwa wamekwisha kuzika wazazi na wakambo mule. Nafasi unapozika kambo yako inakuwa yako, si vile? Kaka yake, Nkuba, njo alikuwa mufalme. Jina lenyewe, Na-Chituti, ni kusema "mama wa Chituti," sawa vile hapa kwetu tunaita mutu mama Ilunga ao mama Kapend.

Musomaji ashike neno hili, bila hilo habari haieleweki. Kule Luapula, sawa kwa Balamba, ukoo unafuata mama. Watoto wa mwanaume ni wa ukoo wa bibi yake. Mutoto wa dada yake njo wake, njo anayeweza kurizi kiti. Basi mutoto wa Nachituti hakuwa mutoto wa jirani mbele ya Nkuba. Alikuwa damu yake na kesho yake.

Nkuba alimushitaki kwamba analala na wake zake. Akamuua, akamuchuna ngozi, akaitandika chini ya mukeka wake, akawa anaikalia. Mama akajua. Na sasa angeenda kulia kwa nani? Kwa mukubwa wa ukoo? Mukubwa wa ukoo njo muuaji. Akakwenda kwa mugeni, Mwata Kazembe, mufalme wa Balunda waliotoka mangaribi, Musumba ya Mwata Yamvo. Watu wa Kazembe wakamuua Nkuba. Kisha Nachituti akamuletea Kazembe kitunga cha udongo na chombo cha maji. Inchi na ziwa.

Wanafunzi wangu wakisikia hii wanagawanyika palepale. Vijana wanaume wanasema: aliuzisha ukoo kwa hasira. Wasichana wanawajibu: na ule aliyekalia ngozi ya mutoto, yeye alilinda ukoo? Mimi niko pamoja na wasichana, ila si mupaka mwisho. Haki ya kulilia mutoto wake alikuwa nayo, hata kama kilio kinavunja kiti cha kaka. Mujomba anayeua mwana wa dada yake amekata ukoo yeye mwenyewe. Nachituti alikuta umekwisha kukatwa. Lakini udongo je? Chini ya udongo kuna wafu, na juu yake kuna wale hawajazaliwa bado. Hakuna aliyewauliza.

Kuna kitu kingine. Ni nani anayesimulia? Mwaka wa 1951 kulitoka kitabu Ifikolwe Fyandi na Bantu Bandi, cha Mwata Kazembe wa 14, kinachoeleza habari ya ufalme wao. Aliyepokea zawadi njo anayetuambia kwamba alipewa. Sisemi ni uongo. Nasema tu kwamba mutu akikuonyesha shamba na kusema "nilipewa na mama moja," unauliza ile mama iko wapi.

Na ukiangalia vizuri, Bashila hawakufukuzwa. Balunda walitawala, wakapokea kodi, lakini koo za zamani zilibaki wenye maziwa madogo na vijito, wao njo walikuwa wanaomba mizimu mbele ya nyavu kuingia mu maji. Kwa hiyo nadhani Nachituti hakutoa udongo sawa vile tunatoa parseli leo. Alimufunga mugeni kwa deni: utakaa hapa, lakini utakaa kwa jina langu. Kila anayesimulia ufalme wa Kazembe analazimishwa kumutaja yeye, na kumutaja ni kutaja mutoto wake.

Mwaka wa 1894 Waingereza na watu wa mufalme Léopold walipatana Luapula iwe mupaka. Hapo hakukuwa mama wala kitunga. Kisha sheria ya 1973 ikasema udongo wote wa Congo ni wa Serikali. Hata vile, kandokando ya Lubumbashi, banaendelea kutoa udongo wa koo: huyu kwa shamba, yule kwa kuchimba. Nilikwenda siku moja kusindikiza rafiki anayetafuta nafasi ya kulima. Wanaume tano waliketi kwenye viti, karatasi ilisainiwa, pesa ikahesabiwa. Kambo mwanamuke wa ule ukoo alikuwa anakaa ku mulango, anachambua mihogo. Nilimuuliza polepole kama walimuambia. Akasema: "Mimi? Babanauzisha, nitasikia."