Kimbilio au Maficho?

Soma 2 Samweli 13:28–39 na Hesabu 35:9–12. Kuna tofauti gani kati ya mahali alipokimbilia Absalomu na miji ya makimbilio?

Wakati wa mdororo mkuu wa uchumi nchini Marekani, Clyde Barrow na Bonnie Parker walipora maduka, vituo vya mafuta na benki, na genge lao likaua watu. Walipokuwa wakisakwa, walirudi mara kwa mara karibu na mji wa Dallas, Texas, kukutana na jamaa zao kwa siri. Tarehe 23 Mei 1934 polisi waliwavizia huko Louisiana, wakawaua. Februari 1935 jamaa na marafiki 20 walishtakiwa kwa kuwaficha wahalifu hao. Mama wa Clyde na mama wa Bonnie walihukumiwa kifungo cha siku 30 kila mmoja.

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Tena kwa Clyde, kujisalimisha kungeweza kuleta hukumu ya kifo. Tusiwahukumu akina mama hawa upesi. Lakini tarehe 1 Aprili 1934, karibu na Grapevine, genge hilo liliwaua askari wawili wa barabarani, mmoja wao akiwa karibu kufunga ndoa. Hao nao walikuwa wana wa watu.

Absalomu alipomuua Amnoni, alikimbilia kwa Talmai, babu yake mzaa mama, akakaa huko miaka mitatu. Maandiko hayasemi kwamba alitubu. Baadaye alimwasi baba yake, na wengi wakafa. Mji wa makimbilio ulikuwa tofauti: ulimlinda mwuaji dhidi ya mlipiza kisasi, lakini ilimpasa asimame mbele ya mkutano ahukumiwe.

Bwana mwenyewe alitenda hivyo Edeni. Kwanza aliwaita Adamu na Hawa watoke walikojificha. Kisha akawavika mavazi (Mwanzo 3:9, 21). Hakuwaacha uchi, wala hakuwaacha mafichoni. Upendo wa kweli humlisha mkosaji, humlilia, humtembelea gerezani, na humsindikiza hadi mahali pa kukiri. Haumsaidii kuendelea kuwaumiza wengine.

Swali la kujadili: Ndugu yako akibisha hodi usiku, mikono yake ikiwa na damu, utamfanyia nini kabla ya mapambazuko? Utawaambia nini wazazi wa aliyeuawa?